Zile si chenga, ndiyo picha yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua na naomba usinikate sana, manake jambo hili limenikaa rohoni tangu nisome ile makala yenu iliyosema filamu za zamani hazipati faida yoyote zikitolewa upya kwa HD, ile picha kali ya TV na diski za siku hizi, eti ni ujanja wa kumuuzia mtu kitu kilekile mara ya tatu, na kwamba picha ya mwaka 1960 uzuri wake ni ule ukungu wake, ukiisafisha umeiua. Halafu wiki iliyofuata msomaji mmoja akaandika kuunga mkono, akasema kanunua muvi ya zamani imeandikwa HD juu yake, kaiweka, kaikuta imejaa chenga tupu, bora hata ile aliyokuwa nayo kwenye DVD.

Mie ni fundi TV hapa Ngamiani, Tanga. Kabla ya hapo nilikuwa na laibrari ya video, nakodisha mikanda, baadaye sidii, miaka 11 jumla. Na mzee wangu alikuwa opareta wa sinema hapahapa mjini enzi za Majestic, Novelty na Regal, enzi ambazo Jumapili ilikuwa mtu anaoga mapema na kuvaa vizuri kwa sababu anakwenda kuangalia picha. Kwa hiyo hizi picha nimeziona zikitoka kwenye rili zikaingia kwenye mkanda, zikatoka kwenye mkanda zikaingia kwenye sidii, leo ziko kwenye flashi, na kila zilipohama kuna kitu kilibaki nyuma. Ndo maana nasema bila kusitasita kwamba picha za zamani zinafaidika na HD, tena zinafaidika sana, ila kuna watu wanaziharibu njiani halafu lawama zote anabebeshwa HD.

Nianze na hizo chenga.

Sisi tuliokulia na TV za chogo neno chenga tunalijua vizuri. Upepo ukigeuza antena, chenga. Mkanda ukichakaa, chenga. Kichwa cha deki kikichafuka, chenga. Sasa mtu akiona vidoti vinacheza kwenye picha akili yake inakwenda hukohuko, anajua kuna hitilafu. Lakini filamu ya zamani haikupigwa kwa kamera ya video, ilipigwa kwenye utepe wenyewe wa filamu, ule wa milimita 35, na ule utepe umepakwa dawa yenye chembechembe za madini ya fedha ambazo zinabadilika zikipigwa na mwanga, na kutokana na zile chembe ndo inapatikana sura ya mtu, ndo inapatikana nguo, ndo inapatikana bahari na mawingu. Hakuna picha nyingine iliyojificha chini yake. Na kwa vile kila sekunde zinapita picha 24, na kila moja chembe zake zimekaa kivyake, ukiangalia kwenye skrini unaona kama zinachemka taratibu. Mzee wangu anaziita punje. Kwenye VHS huzioni kwa sababu mkanda hauna uwezo wa kuonyesha kitu kidogo namna ile, unapakapaka tu kila kitu pamoja. Huyu ndugu yangu msomaji, kama alichonunua kilikuwa halali na kimetengenezwa vizuri, inawezekana kabisa siku ile ndo mara yake ya kwanza kuiona picha yenyewe, akadhani mbovu.

Na hesabu zake si ngumu. Sidii zile za VCD tulizokuwa tunauziwa mbili mbili kwa muvi moja, picha yake imejengwa kwa vidoti 352 kwa 288, yaani laki moja na ushee tu. DVD ya PAL, mfumo wetu wa TV, ni 720 kwa 576, laki nne na kidogo. HD kamili ni 1920 kwa 1080, milioni mbili na zaidi. Sasa utepe wa milimita 35 uliopigwa vizuri, hao wanaouskani siku hizi wanauskani kwa 4K, vidoti milioni nane, na bado wanakuta vya kuchukua. Blu-ray, ile diski ya kubeba HD, imeingia sokoni mwaka 2006. Maana yake picha ya 1960 ilikuwa tayari na HD yake ndani ya kopo miaka 46 kabla ya mashine ya kuionyesha nyumbani kupatikana, sisi ndo tulikuwa tunaipokea kupitia tundu la sindano. Muvi iliyopigwa juzi kwa kamera ya dijitali haijawahi kupotea machoni mwetu, ila hizi za zamani zilipotea, na sasa zinarudi.

Nitaeleza jinsi nilivyoamini mwenyewe. Mwaka 2014 shemeji yangu alikuja likizo kutoka Dubai akaniletea deki ya Blu-ray na diski nne, moja ni Lawrence of Arabia ya mwongozaji David Lean, ya mwaka 1962. Ile ni picha kubwa, negetivu yake, yaani ule utepe wa asili uliopita kwenye kamera, ni ya milimita 65, karibu mara mbili ya upana wa kawaida. Mwaka 1989 mtu anaitwa Robert Harris aliiunganisha upya kwa sababu vipande vyake vilikuwa vimekatwakatwa na kutupwa huku na huku miaka yote ile, na Lean mwenyewe alikuwa bado hai akashiriki. Baadaye ile negetivu ikaskaniwa kwa 8K, mara mbili ya 4K kwa upana na kwa kimo, na diski ikatoka 2012. Mie nilikuwa naijua kwa mkanda, nimeikodisha mara nyingi tu, na siku zote nilikuwa najiuliza watu wanaisifia nini.

Nikamwita mzee. Nikamwekea kiti mbele ya skrini ya inchi 42 ya mteja ambayo nilikuwa nimeshaitengeneza na mwenyewe hajaja kuichukua. Kuna pale jangwani, kisimani, mtu anatokea mbali kwenye mazigazi amepanda ngamia, ndo mwigizaji Omar Sharif huyo, na inachukua muda mrefu sana kabla hujamjua ni mtu. Kwenye mkanda wangu pale palikuwa pamepauka tu, hakuna kitu, halafu ghafla ngamia huyo. Mzee alinyoosha kidole mapema kabisa akasema "Huyo anakuja," na mie bado sijaona. Nikasogea. Kweli, kuna nukta nyeusi, ndogo kama kichwa cha sindano, inatetemeka kwenye joto. Akaniambia hivyo ndo ilivyokuwa, ukumbi mzima watu walikuwa wanatafuta ile nukta, wanaulizana gizani, umeiona, umeiona. Ile ndo raha yenyewe ya pale, na mkanda uliitoa yote. Mie niliwakodisha watu wa Tanga picha ambayo raha yake haimo, kwa miaka, bila kujua.

Halafu likatokea lingine. Nikamwona kila baada ya muda jicho lake linakwenda juu kulia kwenye pembe ya skrini. Nikamuuliza, "Baba, huko pembeni unaangalia nini?" Akasema, "Natafuta alama, mwanangu. Rili inakwisha hii." Wasomaji wengi hawatajua, nieleze. Picha ya sinema ilikuwa inakuja kwenye rili za kama dakika 20, na chumba cha opareta kina mashine mbili. Rili ikikaribia mwisho inatokea alama ya duara pembeni juu kulia, kufumba na kufumbua imepita, hapo anawasha mota ya mashine ya pili, halafu sekunde kama saba baadaye inatokea ya pili, hapo anabadilisha. Akichelewa ukumbi unaona mweupe na watu wanapiga miluzi. Mzee kaifanya kazi hiyo miaka mingi sana, jicho limeshazoea. Nikamwambia baba, hapa hakuna alama, zile zilikuwa zinatiwa kwenye nakala za kwenda majumba ya sinema, hii imetoka kwenye negetivu yenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hii haijapita kwenye mashine ya mtu yeyote." Tukaendelea kuangalia hadi saa saba usiku.

Mhariri, mtu akisema faida ni usafi wa picha tu hajamaliza. Picha ile upana wake ni mara mbili na zaidi ya kimo chake. TV ya chogo ilikuwa karibu mraba. Wale waliotengeneza mikanda walifanyaje? Walikata pembeni. Ukipiga hesabu picha kama ile ilikuwa inapotea karibu asilimia 40, yaani wanaongea watu wawili unamwona mmoja, mwingine unasikia sauti tu kama yuko chumba cha pili. Na mfumo wa PAL unaonyesha picha 25 kwa sekunde wakati filamu ni 24, kwa hiyo mikanda yetu ilikuwa inakimbizwa kidogo, picha ya saa tatu inakwisha dakika saba mapema, na sauti inapanda juu. Kwa picha za kizungu labda husikii. Lakini kwa picha za kihindi, ambazo hapa Tanga watu walikuwa wanatoka ukumbini nyimbo wameshazishika na hawajui neno la Kihindi hata moja, ilikuwa inasikika, bi mkubwa wangu alikuwa na santuri za zile nyimbo na kila akisikia mkanda alikuwa anasema huyu mama leo anaimba kwa haraka, na sisi tunamwambia ni yeye tu anaona hivyo. Alikuwa sahihi. Blu-ray inakwenda kwa 24 zilezile za ukumbini, na mwimbaji anarudi kwenye sauti yake.

Sasa niseme pale ambapo mwandishi wenu ana haki, kwa sababu anayo. Watu wa zamani hawakuangalia negetivu. Waliangalia nakala, tena mara nyingi nakala ya nakala ya nakala, na kila hatua picha inalainika. Waliotengeneza picha walilijua hilo na walilitegemea. Kuna picha ya mwaka 1953, The War of the Worlds, vyombo vya hao viumbe wa sayari nyingine vimening'inizwa kwa nyaya, na nakala za rangi za wakati ule zilikuwa zinazimeza zile nyaya, hazikusumbua mtu. Ilipokuja kutolewa kwa ajili ya nyumbani, picha imeng'arishwa, nyaya zinaonekana nje nje, watoto wanacheka. Walipoirudia tena na kuitoa 2020 wakazifuta. Hapo mie nakubali kwamba kuona kila kitu si lazima kuwe ndo kuona sahihi, mtu anayefanya kazi hii inabidi awe na nakala ya zamani pembeni na aijue ilivyokuwa inaonekana ukutani. Ndevu za gundi, mawigi, poda shingoni, hivyo vyote vinaumbuka. Lakini hiyo ni kazi ya kufanywa kwa uangalifu, si sababu ya kuiacha picha kwenye matope.

Hasira yangu iko kwa wanaosugua. Kuna programu za kompyuta za kufuta zile punje, na zikitumiwa kidogo hazina ubaya, ila zikizidishwa zinafuta punje na ngozi pamoja. Mfano ambao kila anayefuatilia mambo haya anaujua ni Predator ya Schwarzenegger, ya 1987. Picha ile ilikuwa na punje nyingi, ya porini, giza, majani, jasho. Mwaka 2010 wakaitoa upya kwenye Blu-ray wakaisugua hadi wale makomando wakawa na sura za midoli ya plastiki. Hakuna kinyweleo, hakuna jasho. Mteja wangu mmoja kijana aliniambia hiyo ndo nzuri kwa sababu haina chenga. Nilimwekea zote mbili, ile ya mwanzo na ile iliyosuguliwa, nikamwonyesha uso mmoja tu umesimama, akakaa kimya akaangalia, akasema huyu kama kapakwa mafuta ya taa. Ni kusafisha sufuria hadi unatoboa.

Na kuna kuharibu kwingine ambako kunaumiza zaidi kwa sababu kunafanywa kwa nia njema. Mughal-e-Azam, picha ya kihindi ya mwongozaji K. Asif, ya 1960. Wazee wa Tanga wanaoijua hii picha ukiwatajia wanakaa vizuri kwenye kiti. Karibu picha yote ni nyeupe na nyeusi. Halafu unafika ule wimbo wa kwenye jumba la vioo, Madhubala anacheza mbele ya mfalme, na hapo ndo rangi inaingia, rangi kamili ya Technicolor, dari lote la vioo linamwonyesha yeye mmoja mara elfu. Mzee anasema alipokuwa anaionyesha alikuwa anatoka kwenye mashine na kuchungulia kwenye kitundu, si kuangalia picha, kuangalia watu. Sasa mwaka 2004 wenyewe wakaitia rangi yote kwa kompyuta, tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo yenye rangi ndo imesambaa, ndo mtu akikuletea kwenye flashi anakuletea hiyo. Nilimwekea mzee. Ilipofika kwenye wimbo akauliza, "Rangi imeingia saa ngapi?" Baba, ilikuwepo tangu mwanzo. Akasema basi wameufungulia mlango kabla mgeni hajabisha hodi. Mie sina neno la kuongeza hapo, ila naomba wanaotoa picha hizi wakumbuke kwamba nyeupe na nyeusi haikuwa umaskini, watu walikaa wakapanga rangi iingie wapi, na ukiieneza kila mahali ule mshituko unaufuta kabisa.

Nyumbani nako tunachangia. Karibu kila TV mpya inayoingia kwenye banda langu imewashwa kitu cha kulainisha mwendo, TV inabuni picha za katikati ambazo hazikupigwa na mtu, matokeo yake sinema ya miaka ya 60 inakwenda kama mkanda wa harusi. Watu wanasema HD imeiharibu. HD haikufanya kitu, ingia kwenye settingi za picha uzime. Na picha za zamani ambazo ni karibu mraba msizivute zijae skrini, steringi anakuwa mnene na magari yanakuwa marefu kama mabasi ya mkoani, yale meusi ya pembeni yaacheni yakae.

Halafu hizi flashi. Hapa ndo ninamjibu yule msomaji moja kwa moja kwa sababu nahisi ndo lililomkuta. Diski ya Blu-ray inabeba GB 25, ikiwa ya tabaka mbili 50. DVD 4.7 au 8.5. Muvi anayouziwa mtu mtaani imeandikwa HD, ukiangalia ukubwa wake ni MB 700, saa mbili nzima humo ndani. Hata kama ubanaji wa siku hizi ni wa akili kuliko wa zamani, huwezi kuingiza pishi kwenye kibaba. Na kinachoanza kufa kwenye kubana ni zile punje, kwa sababu zinabadilika kila picha na programu inashindwa kuzifuata, kwa hiyo inazigeuza viboksi, vimraba vinavyorukaruka hasa kwenye giza na moshi. Punje ni ndogo, zimeenea sawasawa, hazina kingo. Viboksi vina kingo na vinakaa makundi makundi. Ndugu yangu, rudi uangalie tena, kama ni viboksi basi umeuziwa jina la HD, na wengine wanachukua DVD ileile wanaikuza kwa kompyuta wanabandika HD juu. Kukuza hakuleti kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo swali siku zote ni lile moja: imetoka wapi? Satyajit Ray wa Bengali alipiga picha tatu za kijana anaitwa Apu, ya kwanza 1955. Mwaka 1993 negetivu zake zilikuwa maabara London, moto ukawaka, zikaungua. Mtu mwingine angetupa. Mabaki yale yakahifadhiwa miaka 20, yamekunjamana, yamekauka, yanavunjika ukiyagusa, halafu mafundi wa Bologna kule Italia wakakaa nayo wakayalainisha kwa dawa na kuyashona kipande kwa kipande kwa mkono, palipoungua kabisa wakatafuta nakala nyingine zilizobaki duniani, na mwaka 2015 zikaonyeshwa tena. Sholay ya 1975, ambayo hapa haihitaji utambulisho, nayo negetivu yake ilikuwa imeoza, ikatafutwa kwenye nakala za kati zilizokuwa London na Mumbai, na 2025 ikaonyeshwa Bologna kwa 4K ikiwa na mwisho wake wa asili, Thakur anammaliza yule jambazi Gabbar kwa nguvu zake mwenyewe, si ule wa polisi kuingia ambao wakaguzi wa serikali waliulazimisha. Hao hawakuuza kitu kilekile mara ya tatu. Kile walichotoa hakikuwepo.

Na kuoza si neno la kupamba. Filamu za zamani zikikaa kwenye joto na unyevu zinaanza kunuka siki, mzee anaijua ile harufu, anasema ukifungua kopo likakupiga puani ujue imeshaanza na itaambukiza na makopo ya jirani. Joto na unyevu, Mhariri, ndo Tanga yetu hii.

Hapo ndo nafika kwenye kilichonifanya nishike kalamu hasa. Tunabishana picha za wenzetu zinafaidika au hazifaidiki, na zetu je? Zile za Tanzania Film Company, shirika lililoanzishwa 1968, zile kama Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 70, zilipigwa kwenye filamu, si video, kwa hiyo zile nazo zina HD ndani yake kama za Wahindi na za wazungu. Kizazi cha wanangu hakijawahi kuziona zikiwa safi, mie mwenyewe nilichowahi kuona ni nakala iliyopauka.

Muvi za Bongo zilizokuja baadaye, kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni, enzi za marehemu Kanumba, hizo ni habari nyingine. Nyingi zilipigwa kwa kamera za video, kwenye mikanda. Hapo sitamdanganya mtu, HD haimo. Hata huko Uingereza picha ya 28 Days Later ya 2002 sehemu yake kubwa walipiga kwa kamera ndogo ya video ya mikanda ya MiniDV na hadi leo ukiiweka kwenye diski ya namna gani inabaki vilevile. Lakini sikilizeni hili. Sisi hizo muvi tulizinunua kwenye VCD, vidoti laki moja. Mkanda wa master, ule wa asili wa watengenezaji, ulikuwa na laki nne. Yaani hata muvi ya Bongo ambayo kila mtu anadhani ndo imeshakuwa mbovu hivyo, ilikuwa nzuri mara nne ya ile tuliyoiona, na hiyo mara nne iko kwenye mkanda fulani, kwenye kabati fulani, inasubiri. Hauhitaji 4K wala hiyo akili bandia ya kubuni nyuso. Unahitaji mashine nzima ya kuuchezesha mara moja na kompyuta yenye nafasi ya kutosha, uhamishe kama ulivyo bila kubana, basi.

Nilipofunga laibrari niliacha mikanda yangu stoo miaka mitatu. Nilipoifungua theluthi nzima ilikuwa na ukungu mweupe pembeni ya utepe kama unga wa muhogo. Nyingine zilikuwa harusi za watu wa hapa, ngoma, taarab za vikundi vyetu, vitu ambavyo havina nakala nyingine. Nilikaa nikalia.

Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako, wale walioshiriki kutengeneza muvi za miaka ile, walioshika kamera, walioediti, na yeyote mwenye mikanda ya master au ya familia ndani ya nyumba: itoeni sakafuni, isimamisheni wima kama vitabu, mbali na dirisha. Ukiona ukungu usiiweke kwenye deki kujaribu, utaua kichwa cha deki na mkanda utakatika, na ule ukungu utauhamishia kwenye mikanda mingine yote. Mie bado nina deki tatu za VHS na kamera moja ya MiniDV ambayo kichwa chake ni kizima, vipuri vyake havipatikani tena, kikifa kimekufa. Mafundi wenzangu wenye mashine kama hizi mnajijua, msiziuze vyuma chakavu. Masika yanakuja, na mie napenda mikanda inifikie kabla ya mvua.

Wako,
Fundi TV, msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga